Nani Kachukua Sarafu ya Bibi?

Kama una mwenzi, natumaini mnasalimiana asubuhi. Usicheke! Mwaka jana hapa kwetu Kibaha ilipita miezi mitatu salamu ya asubuhi ilikuwa mtihani kuliko ile hesabu ya darasa la saba.

Wengi mmezoea kuniona nikitoa ushauri kwenye ukurasa huu kama vile kwangu kila kitu ni shwari. Leo nageuza kibao. Leo naungama. Na mwenzangu amekisoma kisa hiki kabla yako, akakuna kichwa, akasema, "Andika tu, Mama Junior. Ila usiseme ulikuwa peke yako." Haya basi, tulikuwa wawili. Na tulimwonea wa tatu.

Amana ya bibi

Mume wangu ni Mzaramo wa Kisarawe, kalelewa na bibi yake mzaa mama. Siku mbili baada ya harusi yetu bibi alituita chumbani kwake. Mimi ananiita "mke mwenzangu", si mnajua tena utani wa bibi na mjukuu wa kiume. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa kitu kidogo kilichoshonewa ndani ya kipande cha kaniki. Ukikipapasa unahisi mviringo wa sarafu.

"Hii ni pesa ya Tabora," akasema. "Baba yangu alirudi nayo kutoka vitani. Kaeni nayo kwa amana. Msiifungue mpaka siku ya shida isiyo na mlango wa pili."

Tukapokea kwa mikono miwili. Tulipofika Kibaha tukaiweka ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, juu ya kabati la chumbani, tukaisahau. Miaka minne! Na miaka minne ile tulikuwa na shida za kila aina, lakini zote tuliziona zina mlango wa pili.

Kasheshe ilianza jioni moja mwenzangu alipokuwa anachezea simu. Nikasikia, "Mama Junior, hebu njoo uone!" Alikuwa anasoma habari za sarafu ya dhahabu iliyofuliwa Tabora mwaka 1916.

Kwa faida yako msomaji, habari yenyewe ni hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za kivita za Uingereza ziliifunga pwani yetu, na Wajerumani waliokuwa wanatawala wakaishiwa sarafu za kulipa askari na wafanyakazi. Wakahamishia mashine kwenye karakana ya reli pale Lulanguru, karibu na Tabora, wakaanza kufua sarafu zao wenyewe. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba, mkoa wa Singida. Sarafu ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15. Upande mmoja kuna tai, upande wa pili kuna tembo kainua mkonga na nyuma yake kuna mlima. Chini kabisa kuna herufi T, yaani Tabora. Zilifuliwa 16,198 tu. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na habari ya kufua sarafu ikaishia hapo.

Leo hii sarafu moja ya tembo, ikiwa safi, inauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Maelfu ya dola, mpenzi msomaji! Na sisi tuna "pesa ya Tabora" kwenye kopo la maziwa!

Hatukuifungua. Nakumbuka mwenzangu aliishika, akaipima uzito kiganjani, akasema, "Wosia wa bibi ni wosia wa bibi." Nikamwona mcha Mungu. Kumbe hakuna aliyetaka kuifungua mbele ya mwenzake.

Tukaanza kuitumia kabla ya kuiuza

Kuanzia usiku ule sarafu ikahamia kitandani kwetu. Mwenzangu alitaka tumalizie nyumba, maana imesimama kwenye lenta tangu Junior hajaanza kutembea. Mimi nilitaka kufungua saluni Maili Moja. Tukaanza kwa utani, tukaendelea kwa kununa.

Lakini ngoja nikwambie tusichoambiana. Mimi nilikuwa na mkopo. Ile mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu, nimekopa laki tano kwa siri kwa ajili ya mtaji wa vitenge, vitenge vikadorora, riba ikapanda kama homa. Kila nikisema saluni, moyoni nasema deni. Na yeye naye, kumbe alikwishamwahidi mdogo wake ada ya chuo. Kila akisema lenta, moyoni anasema ada. Kwa hiyo sarafu moja ilikuwa na matumizi manne, mawili ya kusema na mawili ya kuficha.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo bibi akaja kukaa kwetu siku kumi. Alikuwa anahudhuria kliniki ya macho hospitali ya Tumbi. Tulikuwa na dada wa kazi wakati ule, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Iramba, mpole, mchapakazi. Yeye ndiye aliyekuwa anampeleka bibi kliniki, anamtia dawa ya macho asubuhi na jioni, anamsomea saa. Usiku sisi tunafunga mlango wa chumbani na kugombania sarafu kwa sauti ya chini. Lakini nyumba zetu hizi za kupanga unazijua. Ukuta unatenganisha macho tu, masikio yako pamoja.

Siku ya kumi na moja bibi akarudi zake Kisarawe.

Wiki mbili baadaye, mwenzangu yuko kazini, nikapanda kiti nikafungue lile kopo. Nitakuwa mkweli, nilitaka kuifungua ile kaniki kimya kimya, niipige picha, nimtumie mtu mmoja anayejua bei. Kopo likawa tupu.

Sasa jiulize mwenzangu, kwa nini sikupiga kelele palepale? Kwa sababu ningeulizwa, "Ulikuwa unatafuta nini juu ya kabati?" Nikanyamaza. Siku nne! Siku nne nilimtazama mume wangu akila ugali nikisema kimoyomoyo, kaiuza huyu. Siku ya tano akaja yeye sebuleni na kopo mkononi. "Umeihamisha?" akaniuliza. Jinsi alivyoniuliza nikajua naye ananishuku. Na mimi nikajiuliza, mbona na yeye alikuwa juu ya kabati?

Pale ndipo tulipopaswa kukaa chini tuambizane ukweli. Badala yake tukatazamana, halafu sote wawili tukageuza macho kuelekea jikoni.

Begi kwenye zulia

Sijui nisemeje sehemu hii. Tukamwita mjumbe. Binti akaambiwa alete begi lake, likamwagwa kwenye zulia la sebuleni. Zikatoka kanga mbili, gauni la kanisani, chaja ya simu, na mfuko wa nailoni wenye shilingi elfu arobaini na mbili. Mwenzangu akamuuliza, "Hizi umezipata wapi?" Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa namlipa elfu sabini kila mwezi. Nilijua amezipata wapi. Sikufungua mdomo.

Alilia, akaapa. Akasema, "Mama, mimi hata hicho kitu sikijui." Hakukijua kweli! Nani angemwambia? Sarafu haikuonekana, lakini sisi tukaamua kwamba kaificha au kamtumia mtu. Mshahara wa mwezi ule tukauzuia. Alfajiri akapanda gari. Wiki hiyo hiyo habari zikafika kwao Iramba kwamba kafukuzwa kwa wizi wa dhahabu.

Hebu fikiria. Dhahabu ya Tabora ilichimbwa Sekenke, kwao binti huyu. Ilichukuliwa huko zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na leo mtoto wa hukohuko anaitwa mwizi wake.

Unadhani tulipata amani? Wapi! Kama tungeamini kweli kwamba binti kaiba, tungelala usingizi. Tulilala tumepeana migongo miezi mitatu. Mimi nakagua simu yake, yeye anahesabu vitenge vyangu. Tulimtoa binti kafara ili tusiulizane maswali, na maswali yakabaki palepale.

Safari ya Kisarawe

Tatizo likawa moja. Amana ni ya bibi. Tutamwambia nini? Mara mbili alipiga simu kutusalimia, na mara zote mbili tukasingizia mtandao. Mwisho mwenzangu akasema, "Liwalo na liwe, twende tukamwambie."

Jumapili tukatoka na kigari chetu. Mbezi Mwisho, tukakata Malamba Mawili, Kinyerezi, tukatokea Gongo la Mboto, Pugu, tukapanda Kisarawe. Njia nzima redio ndiyo iliyokuwa inaongea.

Tulimkuta bibi barazani, macho yamepona, anachambua mchele. "Shikamoo bibi." "Marahaba, karibuni. Mke mwenzangu mbona umekonda, mume wetu hakulishi?" Nikashindwa hata kucheka. Mwenzangu akapiga magoti, akaanza, "Bibi, ile amana uliyotupa..."

Bibi akashika ncha ya kanga yake. Akafungua fundo. Kaniki ileile.

"Mnatafuta hii?"

Mpenzi msomaji, nilihisi baraza linazunguka. Bibi akaeleza taratibu. Usiku alikuwa anatusikia. Akaona amana imegeuka ugomvi, akaona bora aiondoe nyumbani kabla haijaivunja ndoa. Siku ya kuondoka akamwomba Junior amwonyeshe lile kopo, akapanda kiti. Bibi wa miaka themanini na sita, kapanda kiti!

"Nilijua mtaniuliza," akasema. "Kila siku nasema leo watapiga simu, watasema bibi, hatuioni ile pesa, umeiona? Nami ningewaambia. Mmekaa miezi mitatu hamkuniuliza?"

Kimya. Halafu akatazama huku na huku. "Na yule binti yenu mwenye mikono laini hamkuja naye? Nimemwekea korosho zake."

Hakuna aliyejibu. Bibi hakuwa mtoto. Akaacha kuchambua mchele.

"Mmemfanya nini mtoto wa watu?"

Mwenzangu akamweleza, kichwa chini. Bibi akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Basi na mimi nimekosa. Nilichukua changu bila kuaga. Lakini mimi nilichukua sarafu. Nyie mmechukua jina la mtu."

Akaleta wembe. Akakata uzi mbele yetu, mshono mmoja baada ya mwingine. Ikadondoka kwenye ungo.

Hakukuwa na tembo. Hakukuwa na tai. Ilikuwa sarafu pana ya njano iliyofifia, ina taji la kifalme, herufi D.O.A., mwaka 1916 na ile herufi T. Upande wa pili imeandikwa 20 Heller. Mwenzangu akachukua simu, safari hii akasoma habari yote hadi mwisho. Kumbe Tabora walifua na sarafu za chini, za heller 5 na heller 20, kwa shaba na kwa madini ya njano yaliyotokana na maganda ya risasi za mizinga. Za heller 20 zilifuliwa zaidi ya milioni moja. Rupia moja ilikuwa heller 100, kwa hiyo tano kama ile ndiyo rupia moja. Na ndiyo hiyo heller iliyotuachia neno "hela" tunalolitamka kila siku. Iliyochakaa kama ya bibi huuzwa dola chache, ikibahatika sana makumi ya dola.

Tena ile ya dhahabu ni ndogo, upana wake kama milimita 22. Hii ni karibu milimita 30. Rula ya Junior ya shule ingetosha kumaliza mjadala tangu siku ya kwanza! Ila tulitaka iwe dhahabu, na mtu akitaka hapimi.

Bibi akatueleza ya baba yake. Alianza kama kibarua wa Reli ya Kati, ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Tabora mwaka 1912. Vita ikamkuta huko, akatiwa kwenye upagazi. Kijijini wakamhesabu amekufa. Siku moja akatokea kwa miguu, na alichorudi nacho ni hiyo sarafu moja kwenye pindo la nguo. Zikaja pesa za Waingereza, shilingi zikashika nafasi ya rupia, na sarafu yake ikawa hainunui hata chumvi.

"Ingekuwa inanunua kitu ingeliwa zamani," bibi akasema. "Baba aliiweka kwa sababu ilikuwa hainunui. Alikuwa akituonyesha anasema, mimi nilirudi. Basi. Nilipowapa nyie nilitaka siku ya shida muifungue mcheke, mjue hata mkikosa kila kitu, mtu hurudi."

Tukaenda Mlandizi

Binti tulimpata kwa simu ya rafiki yake. Alikuwa amepata kazi kwenye nyumba nyingine, Mlandizi. Tukaenda wote wawili, siku ya mapumziko yake, tukakaa kwenye benchi la mama lishe. Tukamwomba radhi. Tukampa mshahara tuliouzuia na wa miezi mitatu juu yake, na korosho za bibi.

Akapokea korosho kwanza. Halafu akaniambia kitu ambacho nitakufa nacho: "Mama, baba aliniuliza kwa ukali, yeye hakujua. Lakini wewe ulijua zile hela ni zangu. Nilikuwa nakuangalia useme."

Nikalia mbele za watu. Sikujificha.

Nikamwomba arudi. Akakataa, kwa adabu, lakini akakataa. Akaomba jambo moja tu, tumpigie mama yake. Mama yake alikuwa ameacha kwenda kwenye kikundi cha kusaidiana kwa aibu. Basi tukapiga, sauti ya nje, wote tunasikia. Mwenzangu akajitambulisha, akasema, "Mama, shikamoo. Mwanao hakuiba. Tulikosea sisi." Upande wa pili kukawa kimya, kisha sauti ikasema, "Rudia, baba. Nataka na jirani asikie." Akarudia. Alirudia mara tatu.

Njiani kurudi Maili Moja redio ilizimwa. Nikamwambia mume wangu habari ya kausha damu, yote, mpaka shilingi ya mwisho. Naye akaniambia habari ya ada. Tuligombana, usidhani tulikumbatiana kama kwenye filamu! Lakini ulikuwa ugomvi wa watu wanaoonana. Deni tumelimaliza mwezi wa pili mwaka huu, kwa kuuza friji. Lenta bado inatungoja.

Sasa wewe unayesoma na mwenzio pembeni, nakuachia machache. Kwanza, kitu kikipotea nyumbani, anza kwa kusema wewe mwenyewe ulikuwa unakitafutia nini. Pili, mpigie simu hata yule unayemwogopa, huenda ndiye aliyenacho. Tatu, dada wa kazi si jalala la kutupia maneno mnayoogopa kuambiana. Ana mama, na mama ana majirani.

Sarafu iko Kisarawe. Bibi ameishona upya, kaniki mpya, uzi mwekundu. Junior alimuuliza ataipata lini. Bibi akamjibu, "Ukijifunza kuuliza vizuri hivyo hivyo mpaka ukubwani, utaipata."

Tukutane mwezi ujao. Na leo usiku, kabla hamjazima taa, muulize mwenzio kitu kimoja unachoogopa kumuuliza.